Tuwafunze Makarani Wapya Kusema na Watu

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Majuzi nilipiga foleni katika ofisi moja mtaani Kibera. Mbele yangu alisimama ajuza aliyepoteza kitambulisho. Karani, kijana nadhifu aliyeonekana mgeni kazini, alimjibu bila kuinua macho: "Lete abstrakti." Bi kizee akauliza, "Ni nini hiyo, mwanangu?" Karani akarudia, "Abstrakti, mama. Anayefuata!" Ilibidi kijana mmoja mlangoni amweleze kwamba alitakiwa kwenda kituo cha polisi, aripoti kupotea kwa kitambulisho na apewe hati ya kuthibitisha hivyo.

Simlaumu sana karani yule. Nashuku kwamba alipoajiriwa alifunzwa kutumia kompyuta, kupanga faili na kuvaa tai. Hakufunzwa kusema na watu.

Ajabu ni kwamba shuleni alikwisha kulisoma somo hilo. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa Kidato cha Nne, isimujamii hutengewa alama 10, na mwanafunzi huulizwa mara kwa mara kuhusu sajili ya hotelini, ya hospitalini au ya dukani. Huorodhesha sifa zake pasi na kusita: lugha ya adabu, maswali na majibu, msamiati maalumu. Alama huzipata. Kisha huajiriwa, akaketi nyuma ya dirisha, na orodha ile ikabaki katika daftari. Sisi walimu tumemfunza kuitambua adabu ya lugha, hatukumfunza kuitenda.

Kiswahili hakikumnyima nyenzo. "Lete kitambulisho" ni amri. "Naomba kitambulisho chako, mama" ni ombi, na halichukui muda wa kumchelewesha mtu yeyote. "Rudi kesho" ni kumfukuza mtu. "Mtambo umekwama, tafadhali urudi kesho saa tatu, uje moja kwa moja kwangu" ni huduma, ingawa katika hali zote mbili mteja ameondoka mikono mitupu.

Wapo watakaosema kwamba vijana wa Kibera na Kawangware wanaelewana kwa Sheng, na kwamba inatosha kuwaajiri wenyeji wa mtaa. Sheng ina mahali pake baina ya marika. Lakini mbele ya dirisha hupita pia mzee aliyewasili jana kutoka mashambani na mama asiyeijua misimu ya mwaka huu. Mhudumu stadi hupima anayesema naye, ndipo akachagua lugha.

Liko pia jambo zito zaidi. Mitaa hii ina watu wa makabila mengi. Kibera iliwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Kawangware ilishuhudia ghasia mnamo Oktoba 2017. Karani anapomchangamkia mteja mmoja kwa lugha ya mama, kisha akamgeukia wa pili kwa Kiswahili kikavu, huyu wa pili huhitimisha kwamba amebaguliwa, hata kama fomu zao zimeshughulikiwa sawasawa. Wanubi, ambao mababu zao walilipa eneo hilo jina la Kibra, yaani msitu, kwa miaka mingi walipitishwa katika mahojiano ya ziada ili wapewe vitambulisho. Kwa kijana wa Makina, namna swali linavyoulizwa ofisini si jambo dogo. Kiswahili chenye heshima, kinachotolewa kwa kila mtu kwa kipimo kimoja, ndicho dhamana ya pekee anayoweza kuiona kwa macho yake.

Sheria inatuunga mkono. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na huduma, zikiwemo huduma za umma. Habari iliyofungwa ndani ya neno asilolielewa mteja haijatolewa.

Napendekeza basi kwamba kila mwajiriwa mpya, awe wa ofisi ya chifu, wa zahanati au wa kibanda cha M-Pesa, afunzwe mambo matatu kabla ya kukabidhiwa dirisha: kusikiliza na kurudia shida ya mteja kwa maneno yake mwenyewe, kueleza kila neno la fomu kwa Kiswahili cha kawaida, na kumwambia anayekosa huduma ni kipi kinachopungua, kinapatikana wapi, na arudi lini.

Nasi walimu tuanze mapema. Kipindi kijacho cha isimujamii, tusiwape wanafunzi orodha ya sifa. Tuweke meza mbele ya darasa, mmoja awe karani, mwingine awe nyanya aliyepoteza kitambulisho. Tumpe alama karani ikiwa tu nyanya ataondoka akijua aendako.