ARV hazitibu homa ya ini C, kipimo kisogezwe kliniki

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MWANAMUME anayeishi na virusi vya ukimwi (VVU) huko Songwa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, au katika machimbo ya dhahabu ya Geita, anaweza kudhani kuwa dawa anazomeza kila siku zinamlinda dhidi ya kila maradhi. Sivyo. Dawa hizo haziponyi homa ya ini aina ya C.

Hapa ndipo aina hiyo inapotofautiana na B. Tenofovir na lamivudine, zilizomo katika kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi nchini, hudhibiti pia virusi vya homa ya ini B, ambayo ina chanjo. Aina C haina chanjo, na kwa mwenye VVU huliharibu ini kwa kasi zaidi, mara nyingi bila dalili kwa miaka mingi.

Kwa kawaida virusi vya C huenezwa kwa damu, ikiwamo kwa kuchangia sindano. Baina ya mume na mke, kuambukizana kwa ngono ni nadra. Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa London, Paris na Amsterdam wameripoti maambukizi ya ngono miongoni mwa wanaume wenye VVU wanaojamiiana na wanaume wenzao, hasa penye michubuko au magonjwa mengine ya zinaa, kama kaswende.

Tiba ipo. Vidonge vya kisasa, kwa wiki 8 hadi 12, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, ingawa aliyepona anaweza kuambukizwa tena. Tatizo ni kipimo: asiyepimwa hatibiwi.

Kanda ya Ziwa ina somo lake. Mwaka 1995 watafiti mkoani Mwanza, ambao wakati huo ulijumuisha Geita, walitangaza kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Huduma ilimfuata mgonjwa alipo.

Ndivyo inavyopasa kufanyika sasa. Mchimbaji anayehama kila machimbo mapya yanapogundulika hatasafiri hadi Bugando kutafuta kipimo asichokijua. Tena, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu huadhibu ngono ya wanaume kwa wanaume, mwenye hofu hatakiomba. Kipimo kikitolewa kwa kila anayefika kliniki ya tiba na matunzo (CTC), hapana atakayelazimika kujieleza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ini lililosinyaa kwa makovu halijengeki upya kwa urahisi.