Mtoto akifungwa kwenye sataranji, aulizwe nini?

Mtoto amerudi kutoka mashindano ya sataranji, amefungwa. Hata viatu hajavua, baba ameshafungua mchezo wake kwenye simu, na programu imeweka alama nyekundu kwenye kila kosa. "Hapa ulikuwa unafikiria nini?" Mtoto ananyamaza. Kwa sauti ile, hilo si swali.

Mashabiki wa sataranji wameuliza swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 50 kuhusu mchezo mmoja, ila wao wanataka jibu kwelikweli. Julai 11, 1972, mjini Reykjavik, Iceland, Bobby Fischer wa Marekani alianza kuwania ubingwa wa dunia dhidi ya Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti. Mchezo wa kwanza ulikuwa unaelekea sare, kete nyingi zimeshatoka ubaoni. Katika hatua ya 29, Fischer akampeleka askofu wake pembeni kabisa ya ubao kula askari mmoja. Spassky akasogeza askari mwingine chumba kimoja tu, na askofu hakuwa na pa kutokea. Ni mtego ambao hata wanaoanza kujifunza huonywa.

Kwa nini alifanya vile? Wapo wanaosema alikosea hesabu: aliona njia ya kumtoa askofu, akasahau jibu moja la mpinzani. Wengine wanasema hakuitaka sare, maana hadi siku ile alikuwa hajawahi kumshinda Spassky.

Lakini waliourudia mchezo huo kwa subira walikuta jambo jingine. Hata baada ya askofu kunaswa, sare ilikuwa bado inawezekana. Kilichommaliza Fischer ni kosa lililokuja kama hatua kumi baadaye. Askofu amebeba lawama yote peke yake, na pengine kwa uonevu.

Programu ya simu huonyesha kosa liko wapi. Haisemi lilitoka wapi. Mtoto aliyecheza kwa pupa ana shida moja; aliyehesabu hatua tatu akakosa ya nne ana nyingine, na huyo kwa kweli alifikiri vizuri. Yupo pia yule ambaye baada ya kosa la kwanza aliona aibu, akacheza ilimradi amalize. Huyo wa mwisho ndiye wazazi wengi humkosa.

Mzazi asiyejua hata farasi anarukaje anaweza kuuliza: "Hapa ulitaka kufanya nini?" Kisha: "Baada ya pale, ulijisikiaje?" Si usiku uleule, lakini. Mtoto ale, aoge, alale.

Fischer mwenyewe hakutokea kwenye mchezo wa pili, akawa nyuma 2–0. Hadi Septemba 1 alikuwa bingwa, kwa pointi 12.5 dhidi ya 8.5.

Kesho yake ubao upangwe mezani, mtoto ndiye asogeze kete, na simu ya baba ibaki chumbani.