Mbegu kwanza, foto baadaye

Wandugu vijana wa Bukavu na wa Kivu nzima,

Kila tarehe 5 Desemba, siku ya mti katika nchi yetu, tunaona sinema ileile: mkubwa anashuka kwenye jeep, anapewa kimti kimoja na jembe jipya, foto inapigwa, anapanda tena jeep. Mwaka 2019 Kinshasa ilitangaza miti miliari moja hadi 2023. Mwaka 2023 umepita. Sisi tuko na maswali mawili tu: iko wapi, na ilikuwa miti gani?

Swali la pili ndilo linatuleta leo. Hata miti ile inayopandwa kweli huku kwetu, mingi ni kalitusi na grevilea, na yote asili yake ni Australia. Hatutukani kalitusi. Inakomaa upesi, ukiikata inachipuka tena, inatoa mbao na makala, na mkulima mwenye watoto wa kusomesha si mjinga kuipenda. Lakini mlima wa kalitusi tupu si pori. Miti ya kwetu imebaki mmoja mmoja: kwenye misheni za zamani, kwenye mipaka ya mashamba, karibu na makaburi ya wazee. Ukikatwa mmoja kwa makala, mbegu zake nazo zimeenda. Na mti ambao hauna mbegu hakuna budget itakayourudisha, hata wafadhili waje na mamilioni.

Hii si habari ya watu wa ndege na maua. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, katika territoire ya Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope, ikaua watu zaidi ya 400. Mvua ilikuwa kali, na hakuna mti unaozuia mvua ya vile yote. Lakini mlima uliovuliwa miti hauna kitu cha kushikilia udongo. Sisi wa Kadutu tunajua hii bila kusomea: tunaona nyumba zikitelemka kila masika.

Basi tunapendekeza salongo ya aina ingine, salongo ya mbegu. Haiombi pesa nyingi, inaomba macho na uvumilivu.

Chukua Markhamia lutea, ule mti wa maua ya manjano na maganda marefu yanayoning'inia kama kamba. (Kila lugha ya huku iko na jina yake. Uliza bibi yako leo, maana majina nayo yanakufa.) Maganda yanachumwa yakianza kukauka, kabla hayajapasuka, sababu mbegu ni nyepesi, upepo unazibeba zote. Unayaanika kivulini. Erythrina, wa maua mekundu, mbegu yake iko na ngozi ngumu: ikwaruze kidogo ama ilaze ndani ya maji usiku mzima. Prunus africana ni ingine kabisa. Gome lake linauzwa mpaka Ulaya kwa dawa ya prostati, na tangu 1995 biashara yake iko chini ya mkataba wa kimataifa. Lakini mbegu yake haingoji mtu: unatoa nyama ya tunda, unaipanda ikiwa mbichi. Ukiiweka kwenye kabati ukisubiri semina, imekufa.

Usichume yote kwenye mti mmoja. Tafuta mama-miti mingi iliyo mbalimbali, ili miche isiwe yote watoto wa mama mmoja. Tumia mfuko wa karatasi, sababu kwenye sashe mbegu inatoka jasho na kuoza. Andika mahali na tarehe. Na usiingie Kahuzi-Biega kuchuma kwa siri. Bila ruhusa ya ICCN ni wizi, hata kama nia ni nzuri. Ukishindwa kutambua mti, Lwiro kuna herbariamu, na wako watu wanaojua.

Tunasikia tayari: «Mimi niko na lisansi, natembeza CV tangu miaka mitatu, na munaniambia nifanye kazi ya bure?» Anayeandika hapa yuko shomeri pia, swali hilo analibeba kila asubuhi. Ni kweli, kazi ya bure inaweza kuwa pazia: vijana wanatoka jasho, mtu mmoja ofisini anasaini ripoti na anakula. Ndiyo maana hatutaki kufanya salongo ya kimya. Kila mbegu tutaihesabu mbele ya watu: ngapi zimepandwa, ngapi zimeota, ngapi zimekufa na kwa nini. Tukishakuwa na hesabu yetu, tutakuwa na haki ya kuuliza ya kwao. Na kijana anayejua kutambua mti na kuotesha miche ambayo hakuna mwingine anayo, huyo serikali na ma-ONG wanunue miche yake kwa bei ya haki, badala ya kutugawia perdiem na kofia.

Wakati ni mfupi. Miche inakaa pepinyeri miezi kadhaa. Tukitaka kupanda mvua ya Septemba ikianza, mbegu ziingie kwenye udongo kabla ya kiangazi. Kila kartie itafute parseli moja yenye maji karibu, hata nyuma ya kanisa, na watu watano wa kumwagilia kwa zamu hata Julai, vumbi likijaa. Wanaokuja kwa foto tu wangoje Desemba.

Na hiyo Desemba tutaenda sherehe na daftari yetu, tumuombe mkubwa, mbele ya kamera zake, afungue ya kwake.