Jiko la Nyumbani: Togwa Isiyokolea, Kosa Liko Wapi?

Mapishi mengi humsamehe mpishi aliyekosea. Mchuzi uliozidi chumvi huongezwa maji, na wali uliogeuka bokoboko bado huliwa na watoto wakashiba. Togwa haina huruma hiyo. Mpishi huroweka nafaka, huivundika, huianika, huisaga na kuipika kwa muda wa juma zima. Siku ya mwisho, badala ya kinywaji kitamu, hukuta sufuria imejaa uji mzito uliopoa, usio na utamu wowote. Unga umekwisha, kuni zimekwisha, na watoto wamesimama mlangoni na vikombe mikononi.

Kinywaji hiki si kigeni kwa familia nyingi za askari, hasa zile zenye asili ya Songea na nyanda za kusini. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Wamalawi hukiita thobwa. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda brigedi maalumu ya kwenda mashariki ya Kongo, majeshi ya Tanzania, Malawi na Afrika ya Kusini yalitoa askari wake. Bila shaka Mtanzania na Mmalawi waliokutana huko wangeweza kuelewana pasipo mkalimani mara jina la kinywaji hiki lilipotajwa.

Mahali pazuri pa kujifunza habari za togwa ni Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi. Makazi hayo yalikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini sasa yana zaidi ya watu 50,000. Wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha inayosikika kila upande wa soko. Kila mmoja alikuja na elimu ya kwao: Mrundi anaijua impeke, Mnyarwanda anaijua ikigage, na wote wawili ni pombe za mtama zinazoanza na nafaka iliyochipuzwa. Nafaka hiyo ndiyo inayoitwa kimea kwa Kiswahili na chimera kwa Kichewa. Masikio yenyewe yanaonyesha kwamba maneno hayo ni ndugu.

Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwa mojawapo, warudi kuishi Dzaleka. Machi 2024 nchi hiyo ilitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28, baada ya ukame kuharibu mahindi. Katika mazingira ya namna hiyo, kilo moja ya unga iliyopotea si jambo la mzaha.

Chukuliwe mfano wa mama mmoja mwenyeji wa Kivu ya Kusini, aliyekuwa na kibanda Lilongwe na sasa ameanza upya Dzaleka kwa kuuza togwa. Akitia kimea kingi, faida inaliwa na kimea. Akitia kidogo, togwa haikolei na wateja wanahamia kwa jirani. Siku ya tatu ya hasara anamwendea bibi mmoja wa kijiji cha karibu, ambaye huleta mapira sokoni.

"Agogo, nimefanya yote kama mlivyonionyesha, lakini utamu umekataa kutoka."

"Mwanangu, ulipotia chimera, uji ulikuwa ukichemka?"

"Ndiyo, Agogo. Nilitaka uive vizuri."

"Basi umekiua. Kimea kinataka joto, hakitaki moto."

Maneno ya bibi huyo yanalingana na elimu ya wataalamu. Ndani ya punje ya mahindi, mtama au ulezi mna wanga, na wanga hauna utamu. Punje ikichipua hutengeneza vimeng'enya, yaani vitu vyenye kazi ya kuukata wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate chakula. Mpishi wa togwa huviazima vimeng'enya hivyo kwa kazi yake mwenyewe. Hufanya kazi vizuri uji ukiwa na joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi za sentigredi. Chini ya hapo huvivia, na katika uji unaotokota hufa kwa dakika chache, na hakuna kuvifufua.

Hata hivyo wanga nao una sharti lake. Wanga mbichi ni mgumu kukatwa. Sharti kwanza uvimbe na kulainika kwa joto. Hapo ndipo nafaka za Afrika zinapotofautiana na shayiri ya Ulaya. Wapishi wa bia nchini Uingereza hutia kimea cha shayiri katika maji ya nyuzi 65 hadi 68 na kukiacha kwa muda wa saa moja hivi. Hilo huwezekana kwa sababu wanga wa shayiri hulainika katika joto lile lile ambalo vimeng'enya vyake hulistahimili. Wanga wa mtama hutaka joto kubwa zaidi, kati ya nyuzi 68 na 78, na kufikia hapo vimeng'enya vimekwisha kuanza kufa. Kwa hiyo anayefuata kanuni ya shayiri kwa kutumia mtama atapata sukari kidogo, hata akikoroga mpaka jioni. Njia ya haki ni kupika uji kwanza hadi uive kabisa, kisha kuupoza, ndipo kimea kitiwe. Viwanda vinavyotengeneza pombe ya Chibuku hufuata utaratibu huo huo: nafaka hupikwa mwanzo, na kimea huja baadaye.

Je, mpishi asiye na kipimajoto atajuaje kwamba uji umefikia joto linalofaa? Ipo hesabu nyepesi. Lilongwe iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,050 hivi, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 96 au 97. Mpishi apike uji wa kilo moja ya unga kwa lita sita za maji. Ukiisha kuiva, aepue, kisha amimine lita tatu za maji baridi yaliyochemshwa tangu jana, na kukoroga sana. Mchanganyiko huo wa sehemu mbili za moto na moja ya baridi huangukia karibu na nyuzi 70. Asubiri dakika chache, ndipo atie robo kilo ya unga wa kimea, akikoroga hadi madonge yaishe. Afunike sufuria, aizungushie blanketi au aiweke ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu, na kuiacha kwa saa moja na nusu au mbili. Blanketi hufanya kazi ambayo kuni zingeifanya, na kwa Dzaleka, ambako kuni ni haba, hiyo ni akiba kubwa.

Ikiwa baada ya hayo togwa bado haikolei, mpishi asikimbilie kuongeza kimea wala sukari ya dukani. Yafaa ajiulize maswali matatu kwa utaratibu.

Swali la kwanza: je, uji ulilegea? Kimea kizima kikikutana na uji wenye joto linalofaa, uji mzito huanza kuwa mwepesi kama maziwa katika muda wa dakika 10 hadi 15. Usipolegea, ama kimea kimeunguzwa na uji wa moto, ama kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Ili kuitambua sababu, atwae kikombe kimoja cha uji uliopoa kiasi na kutia kijiko cha kimea kile kile. Ukilegea, kosa lilikuwa moto. Usipolegea, kosa liko kwenye kimea.

Swali la pili: kama ulilegea, je, ulipewa muda wa kutosha? Kulegea ni hatua ya kwanza tu. Utamu huja nyuma yake. Uji uliochomwa na joto la juu kidogo hulegea upesi lakini hubaki na utamu hafifu, na uji uliopoa mapema hubaki njiani. Aliye karibu na zahanati anaweza kupima kwa iodini: tone moja katika kijiko cha togwa iliyopoa. Rangi ikiwa ya buluu nyeusi, wanga bado umo. Kijiko hicho kimwagwe, kisirudishwe sufuriani.

Swali la tatu: je, utamu umebaki ndani ya machicha? Wengi huchuja mara moja na kutupa. Machicha yaliyolowa hushika kinywaji kingi. Yafaa yasuuzwe kwa maji ya moto kidogo kidogo na kukamuliwa tena, kisha maji hayo yaunganishwe na togwa ya kwanza. Shayiri ina maganda yanayosaidia kuchuja yenyewe. Mtama na ulezi havina msaada huo, hivyo kitambaa safi au chekecheo la matundu madogo ni lazima.

Kimea kikionekana kuwa ndicho mkosaji, dawa ni kukitengeneza upya kwa uangalifu. Kwanza zihesabiwe punje 100, zivundikwe katika kitambaa chenye unyevu. Zikichipua chini ya 90 hivi, nafaka hiyo haifai. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi zisitumiwe kamwe, kwani dawa hiyo ni sumu. Nafaka nzuri irowekwe usiku kucha, maji yakibadilishwa, kisha imwagwe juu ya gunia safi na kufunikwa. Kwa siku za joto huwa tayari baada ya siku tatu au nne. Katika baridi ya Juni na Julai huhitaji siku moja au mbili zaidi, na anayeivua kwa kufuata kalenda atavuna kimea kichanga. Kilichoota ukungu kitupwe chote. Kisha kianikwe juani hadi kikauke kabisa, wala kisikaangwe, maana kikaango huua vimeng'enya sawasawa na uji wa moto.

Lipo jambo la hatari ambalo akina mama hawapaswi kulisahau. Machipukizi ya mtama yana kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi. Ndiyo sababu wazee hukausha kimea, wakakifikicha ili mizizi na machipukizi vitoke, wakavipepeta na kuvitupa, na mwisho kinywaji chote hupikwa. Utaratibu huo usifupishwe, na machipukizi mabichi wasipewe watoto wala mifugo.

Mwenye kimea kizuri amepata pia msaada kwa mtoto anayelikizwa. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito humshinda, na uji mwepesi humjaza maji. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walihimiza unga wa kimea kwa sababu hiyo. Kijiko kimoja katika uji mzito uliopoa kiasi huulegeza pasipo kuongezwa maji, na mtoto hupata chakula kingi katika bakuli lile lile. Uji huo uchemshwe tena kabla ya kumlisha.

Togwa ya wakubwa nayo, ikiisha kukolea, ichemshwe, ipoe, na kunywewa siku hiyo au kesho yake. Ikikaa zaidi huanza kuchacha, na hatimaye huwa pombe bila kuomba ruhusa ya mtu. Mke wa askari anayemtilia mumewe chupa ya kwenda nayo lindoni yafaa aionje kwanza, aikumbuke na siku iliyopikwa.

Kwa mama wa Dzaleka, tofauti kati ya hasara na faida ni lita tatu za maji baridi na blanketi moja. Unga ni ule ule na kimea ni kile kile.