Konokono wa Uani: Tumjue Kabla ya Kumpiga Vita





Nyumba nyingi siku hizi zina kidimbwi cha perege uani, au birika la maji ya bustani. Na mara kwa mara twaulizwa: konokono wamejaa majini, je, tutie sumu? Jawabu letu ni kwamba mtu asitie kitu kabla hajamjua konokono mwenyewe. Wengi wao hawana dhara. Hula ukoga na majani yaliyooza. Lakini wako wachache ambao kwa njia yao watoto wetu hupata kichocho, na hao haifai kuwastahimili hata mmoja.

Mwopoeni konokono kwa chujio lenye mpini mrefu, wala msitie mkono mtupu majini. Kisha mtazameni mambo matatu.

Kwanza, kifuniko. Akijikunja ndani, je, huufunga mdomo wa gamba lake kwa kifuniko kigumu? Hapa Afrika konokono mwenye kifuniko, kama yule mrefu aliyechongoka ambaye hupenda kujichimbia matopeni, si mbebaji wa kichocho.

Pili, upande wa mdomo. Shikeni gamba kwa kibanio, ncha ikiwa juu na mdomo ukiwaelekea nyinyi. Mdomo ukiwa kulia, huyo si wa kichocho, ijapokuwa wako katika hao wanaobeba minyoo ya ini la ng'ombe, na mwenye mifugo asiwapuuze. Mdomo ukiwa kushoto, na kifuniko hana, huenda akawa ni wa jamii iitwayo Bulinus, wanaoeneza kichocho cha mkojo. Hicho ndicho kichocho kijulikanacho Unguja na Pemba.

Tatu, umbo. Gamba likiwa bapa, limejiviringa mfano wa kamba iliyokunjwa duara, huenda ni Biomphalaria, waenezao kichocho cha tumbo, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria.

Wako na wengine wasio na dhara wanaofanana na hawa wawili, ila jicho la mtu wa nyumbani halitoshi kuwapambanua. Mwenye shaka na awahesabu kuwa ni wa kuogopwa.

Sasa lieleweni jambo hili, maana ndilo shina la maneno yetu: konokono hazaliwi na kichocho. Sisi wanadamu ndio tumpao. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo hupasuka, na vijidudu vitokavyo humtafuta konokono na kumwingia. Baada ya majuma kadhaa konokono yule huanza kutoa vijidudu vingine kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, navyo hupenya katika ngozi ya mtoto anayecheza majini. Robert Leiper aliithibitisha safari hii ya konokono huko Misri mwaka 1915. Na Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kukataza kukojoa katika maji yaliyotuama, karne nyingi kabla ya darubini.

Basi kazi ya kwanza si ya sumu, bali ni ya choo na malezi. Watoto wafundishwe kutokojoa kidimbwini wala karibu yake, na maji ya chooni yasipate njia ya kufika huko. Mtoto anayekojoa damu asichekwe, wala asiambiwe kwamba amebalehe. Apelekwe hospitali, kwani dawa ya prazikwanteli ipo, na ugonjwa ukiachwa huharibu kibofu, na kwa wanawake huumiza viungo vya uzazi.

Kazi ya pili ni kumnyima konokono njia na chakula. Mara nyingi huingia nyumbani pamoja na mayungiyungi au mimea mingine ya maji, na mayai yake hubandika chini ya jani kama ute mwangavu. Mmea mpya uwekwe kwanza katika karai mbali na kidimbwi kwa muda wa majuma 4, ukikaguliwa kila mara. Msidharau konokono mmoja, kwani hawa wa kichocho kila mmoja ni dume na jike pamoja, na aweza kuzaa peke yake. Ng'oeni magugu, wala msiwamwagie samaki chakula kuliko wanachomaliza.

Kazi ya tatu ni kuwaopoa. Jioni tandazeni majini jani la kabichi au la saladi lililofungwa kamba. Asubuhi livuteni pamoja na konokono waliolishika. Wamwagieni maji yanayochemka, kisha wafukieni; msiwatupe mtaroni wakahamia kwa jirani. Fanyeni hivi kila siku, mkiwa mmevaa mabuti na glavu za mpira. Bata nao hula konokono wengi.

Mkikausha kidimbwi, msitosheke na siku chache za jua. Bulinus huweza kulala ndani ya matope makavu miezi kadhaa, akaamka mvua inyeshapo. Kwangueni matope yote mkayafukie mbali.

Ama sumu za konokono, huua na samaki pia. Hizo ni kazi ya watu wa afya wenye ujuzi, kama walivyozitumia Unguja na Pemba kati ya mwaka 2012 na 2017 pamoja na dawa kwa watu na mafunzo kwa jamii. Kichocho kilipungua sana huko, lakini hakikukoma. Uvivu wa nyumba moja watosha kukirudisha mtaani.

Na maji ya kidimbwi chenye shaka yasitumiwe kuogea watoto wala kutawadhia. Ikiwa hapana mengine, yachemsheni, au yachujeni, myaweke siku 2 kamili katika chombo safi kisicho na konokono. Vijidudu vile havidumu zaidi ya hapo. Kwa kunywa, hayana budi kuchemshwa.

Enyi vijana, kazi hii ni yenu. Ijumaa hii kabla ya jua kupanda, chukueni chujio, mkawaonyeshe wadogo zenu ni upande gani mdomo wa gamba umefunguka.

Wabillahi taufiq.