Gemu za zamani: hamu ni ya mteja, mtaji ni wako



Kila ikifika Oktoba naanza kupata ujumbe wa aina moja: "Kaka, nataka kuuza gemu za zamani, zinalipa?" Swali linakuja msimu huu kwa sababu Desemba inakaribia, Wachagga wanarudi mlimani kula Krismasi, na mtu akishafika kwao utoto wote unamrudia. Jibu langu ni kwamba zinalipa, ila sio kwa namna wengi wanavyofikiri. Wengi wanaopoteza hela kwenye biashara hii wanaipoteza siku ya kununua mzigo, sio siku ya kuuza.

Mimi nauza vifaa vya umeme vilivyotumika hapa Moshi mjini na kutuma hadi Rombo na Machame. Msimamo wangu ni huu: hamu ya utotoni mwachie mteja. Ikikushika wewe muuzaji, utanunua kwa moyo halafu utauza kwa machozi.

USIDANGANYWE NA DOLA ZA MNADA

Kinachowapandisha watu mzuka ni habari za mtandaoni. Julai 2021 kule Marekani, kampuni ya mnada ya Heritage Auctions iliuza kaseti moja ya Super Mario 64 kwa dola milioni 1.56. Ni kweli kabisa, wala sio uzushi. Lakini kaseti ile ilikuwa haijafunguliwa tangu itoke mwaka 1996. Nailoni yake ilikuwa palepale, na wataalamu walishaikagua na kuipa alama za ubora. Aliyetoa hela ile hakulipia kucheza. Alilipia kitu ambacho hakuna aliyewahi kukicheza.

Sasa niambie, huku kwetu nani alinunua gemu akaliweka kabatini bila kulifungua? Zetu zilichezwa mpaka vitufe vikalegea na waya za pedi zikafungwa selotepu. Kwa hiyo ukiona PS2 iliyochakaa inauzwa kwa bei kubwa, na muuzaji anakwambia "hizi sasa hivi ni adimu kaka", tulia kwanza. Sony waliuza PS2 zaidi ya milioni 150 duniani na uzalishaji ukaisha 2013. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi namna hiyo sio adimu. Iliyo adimu ni ile inayofanya kazi vizuri.

KUMBUKUMBU YA HUKU NI TOFAUTI

Ukitaka kujua uuze nini, anza na historia ya TV yenyewe. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vilianza 1994, ITV ikiwemo. Wakati huo Famicom ya Nintendo ilikuwa imeshatoka Japani tangu 1983, na PlayStation ya kwanza ndiyo ilikuwa inaingia sokoni hukohuko Japani Desemba 1994. Yaani sisi tunawasha TV, wenzetu wameshahamia kizazi kingine cha gemu.

Kilichotufikia wengi ni nakala za Famicom kutoka Asia, zile za kaseti ya njano. Juu imeandikwa gemu mamia elfu, ukizihesabu unakuta ni chache tu zinajirudia. Halafu vikaja vibanda vya PS1 na PS2, mtoto analipia mechi: Winning Eleven, Tekken, Mortal Kombat.

Hii ina maana kubwa kwenye tangazo lako. Mteja wangu mmoja wa Kibosho, mtu mzima anayefanya kazi Dodoma, alinipigia akauliza: "Mdogo wangu, ile ya kaseti ya njano, yenye Mario na Contra, unayo?" Hakutaja jina la mashine wala mwaka, kwa sababu hakuwahi kuvijua. Ukiandika kwenye posti "retro console 8-bit", mtu kama huyu atapita bila kusimama. Andika alichokiona yeye: kaseti ya njano, bastola ya kupiga bata, kibanda cha Winning Eleven. Maneno hayo hayakugharimu hata shilingi, na ndiyo yanayomfanya afungue inbox.

Lakini kumbuka, kumbukumbu inamfanya mtu aulize bei. Hela anaitoa akiona kitu kinawaka.

PIGA HESABU KABLA HUJANUNUA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua mfano huu, bei ni za kuelewesha tu. Umepata PS2 kwa 80,000. Ongeza pedi ya pili 15,000, memori kadi 10,000, kibadilishi cha kuunganisha waya za AV kwenye HDMI 20,000, fundi wa kusafisha lenzi 10,000, na nauli ya mzigo kwenye basi 5,000. Jumla 140,000. Ukiuza 160,000 unabaki na 20,000.

Sasa moja ikifa mkononi mwako, unahitaji kuuza nyingine saba ndipo urudi ulipokuwa. Saba! Ndio maana nasema faida ya biashara hii iko kwenye kupima mzigo, sio kwenye kupandisha bei.

PIMA VITU HIVI VINNE

1. Umeme. Mashine ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani 120, na soketi zetu ni 230. Geuza mashine au adapta usome kibandiko. Kikiandika 100V au 120V peke yake, ukichomeka moja kwa moja unaiunguza. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama ya transfoma iingie kwenye hesabu yako. Mashine hizo pia zinatumia mfumo wa picha wa NTSC, wakati TV za huku ni za PAL. Kwenye baadhi ya TV za zamani, picha inatoka nyeusi na nyeupe.

2. TV ya mteja. Uliza kabla ya kutuma: "Nyumbani una TV ya chogo au flati?" Flati nyingi mpya zina HDMI tu, hazina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Na ile bastola ya kupiga bata ya zamani inafanya kazi kwenye chogo tu. Kwenye flati haimpati bata hata ukiigusisha kwenye kioo. Usipomwambia mapema, atasema umemuuzia kibovu.

3. Neno "mpya". Uzalishaji wa PS2 ulishaisha 2013, kwa hiyo anayekuuzia "mpya ya boksi" leo akueleze imetoka wapi. Mara nyingi ni iliyosafishwa na kuwekewa ganda jipya. Sio vibaya, ilimradi bei na maelezo yaseme hivyo.

4. Kuwasha nusu saa. Lenzi iliyochoka inaweza kusoma CD dakika tano za mwanzo halafu ikaanza kukwama. Weka gemu, cheza, piga video, mtumie mteja video hiyo. Ukifanya hivi, malalamiko yatapungua.

ITA KITU KWA JINA LAKE

Hapa najua wengine tutatofautiana. Kuna hoja kwamba mteja wa kumbukumbu hajali kama mashine ni ya Nintendo au ni nakala, yeye anataka Mario tu, kwa hiyo ukiandika "orijino" hakuna aliyeumia. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Mteja wa Kibosho aliicheza nakala tangu utotoni, na nakala ndiyo anayoitaka. Sasa kama anaitaka hivyo hivyo, uongo wa nini? Mwandikie "mashine ya kaseti, aina ile ya zamani, sio Nintendo" na bado atanunua.

Isitoshe, nembo ya mtu ni mali ya mtu. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia hapa nchini, na ukibandika jina la kampuni kwenye kitu kisicho chake, mzigo ukikamatwa hasara ni yako. Gemu zenyewe nazo bado zina hakimiliki, hata kama ni za miaka ya 1980. Kubeba vifaa vilivyojazwa gemu elfu kumi za kunakili ni kujitafutia matatizo. Mimi nimechagua mashine zilizotumika na CD au kaseti zake halisi, hata kama mzigo unakuwa mdogo.

JANUARI HAINA HURUMA

Kubwa kuliko yote ni kalenda. Hamu ya mtu aliyekuja Marangu au Machame inawaka kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwaka mpya. Baada ya hapo anarudi Dar, Arusha au Dodoma, na Januari ni ada na sare za shule, kwake na kwako pia. Mashine tano zilizobaki kwenye shelfu ni ada ya mtoto wako iliyolala. Wala hazipandi bei zikikaa. Huku mlimani kuna unyevu, masika ikiingia vyuma vinashika kutu na lenzi inapata ukungu.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua mbili au tatu tu, zilizopimwa. Zaidi ya hapo chukua oda kwa malipo ya awali, ndipo utafute mzigo. Ukibakiwa na moja, ikodishe kwa siku. Familia iliyokusanyika watu ishirini nyumbani inaweza isinunue mashine, lakini ikafurahi kulipia siku mbili za baba na wajomba kushindana mbele ya watoto. Andika makubaliano, chukua amana, peleka mwenyewe ukaiunganishe.

Na wewe unayeona PS2 kwenye mnada wa vitu vya nyumbani ukasikia moyo unadunda kwa sababu uliicheza ukiwa darasa la tano, jiulize swali moja kabla hujaingiza mkono mfukoni: hii nainunua kama muuzaji au kama yule mtoto? Kama ni yule mtoto, sio dhambi. Inunue, ipeleke nyumbani, cheza na wanao. Ila hela yake isitoke kwenye mtaji.

Wewe unauza nini kwa wanaorudi nyumbani Desemba hii? Weka kwenye komenti, na mtumie mwenzako anayetaka kuagiza mzigo wiki hii.