Wanafunzi hawa wasifukuzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wanafunzi wa vyuo wanaopanga vyumba vijijini huku Meru, toka Tengeru hadi Usa River.

Hivi karibuni wanafunzi sita wa chuo kimoja, waliopanga kwa mama mjane kijijini kwetu, walivunja vioo na mlango katika sherehe ya kumaliza mitihani. Kulipokucha walikwenda wote sita kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakakiri, wakaandikiana deni na mama, kisha wakamleta fundi wenyewe. Hakuna aliyesema "mimi nilikuwa nimelala".

Hata hivyo wako wazee wanaotaka wafukuzwe. Mimi napinga. Mama yule anaishi kwa kodi hiyo. Na mwingine akivunja kesho, atakiri ili iweje?

Wenye nyumba nao wasifanye uharibifu kuwa biashara. Kitasa kimoja kikivunjika, mtu anadai rangi ya nyumba nzima! Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Kwa hiyo mpangaji anapoingia, yeye na mwenye nyumba wahesabu vioo, vitasa na swichi, waandike, watie sahihi. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Vyuo navyo vipeleke kwa serikali za vijiji majina ya wanafunzi waliopanga huko.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Arumeru, Arusha.